Viatu vyangu vya kutembezea wageni Mji Mkongwe wakati wa kaskazi

Kutembeza wageni Unguja Mjini ni kazi ya ulimi na miguu. Ulimi ndio unaosifiwa. Miguu hakuna anayeiulizia hali mpaka ianze kuuma. Mimi ni mwanamke, kazi hii naifanya asubuhi kwa kundi moja na alasiri kwa jingine, na ninayoyaeleza hapa ni ya msimu wa kaskazi, Disemba hadi Machi, wakati wageni ni tele, joto linapita nyuzi 30 na unyevunyevu wa bahari hauliachii jasho likauke. Nayaandika kwa ajili ya wenzangu, hasa wadogo zangu wanaoingia kazini sasa. Nawaona na flati zao za soli nyembamba, wamependeza, na roho inaniuma kwa sababu najua mwaka hautaisha kabla hawajaanza kuchechemea.

Njia yetu ya kawaida inaanzia Forodhani. Tunapita Ngome Kongwe, tunasimama mbele ya Beit el Ajaib, lile jumba la kale, ambalo tangu sehemu yake ilipoporomoka Disemba 2020 tunalieleza tukiwa nje juani, halafu tunaingia vichochoro vya Shangani, tunapita Hamamni, tunakwenda Mkunazini kwenye kanisa lililojengwa palipokuwa soko la watumwa, na tunamalizia Darajani. Ukiipima kwenye ramani, si safari ya kumchosha mtu. Kinachochosha ni kusimama. Mlango mmoja wa nakshi unaweza kuwa na maelezo ya robo saa, na mgeni mwenye kamera naye ana yake. Muda wote huo uko juu ya saruji au jiwe, hatua hazipo.

Kuna sababu ya kusimama kuumiza kuliko kutembea. Ukitembea, misuli ya shavu la mguu inabana mishipa na kusukuma damu irudi juu kwenye moyo. Ukisimama tuli, kazi hiyo inasita, damu na maji vinabaki chini. Joto nalo linatanua mishipa, hivyo kinachoshuka kinakuwa kingi zaidi. Ndiyo maana kiatu kilichokaa vyema saa mbili asubuhi kinakubana saa tisa alasiri, na gidamu zinaacha alama kwenye ngozi. Mguu wa jioni si mguu wa asubuhi, na kiatu cha kazi kinunuliwe kwa kipimo cha mguu wa jioni.

Kwangu maumivu yalianzia kisigino cha kulia. Nikiamka kwa sala ya alfajiri, hatua ya kwanza kutoka kitandani ilikuwa inachoma mpaka nashika ukuta. Nikishatembea kidogo yanapungua; nikikaa kitako na kuinuka, yanarudi. Hospitali nilitazamwa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mama mtu mzima. Alinibonyeza chini ya kisigino, upande wa ndani, akajua pale pale. Akanieleza kwamba chini ya wayo kuna utando mgumu unaotoka kwenye mfupa wa kisigino kuelekea kwenye vidole, nao ndio unaosaidia kulishikilia tao la mguu. Ukisimama kutwa kwenye sakafu ngumu na kiatu bapa, utando unavutwa mno pale unaposhikana na mfupa, unadhurika kidogo kidogo. Usiku mguu umepumzika, utando umejikaza, na hatua ya kwanza asubuhi inauvuta kwa ghafla.

"Dawa ya kutuliza nitakupa, mwanangu," aliniambia, "lakini kesho unakwenda kusimama na viatu gani?"

Mazoezi aliyonipa bado nayafanya. Kabla sijashuka kitandani napitisha kanga chini ya nyayo, nashika ncha mbili na kuvuta vidole vije upande wangu, nahesabu hadi thelathini, narudia. Nikiwa nyumbani nasimama ukingoni mwa ngazi, visigino vikining'inia, navishusha polepole mpaka nihisi shavu la mguu linavutika. Jioni nabingirisha chupa ya maji yaliyoganda chini ya wayo. Haya si ya siku mbili tatu, ni ya miezi. Wengi hupona ndani ya mwaka bila kuchomwa sindano kisiginoni. Ila mazoezi peke yake yasingenifikisha popote kama ningeendelea kusimama na kiatu kile kile.

Kwa hiyo nikaanza kutafuta viatu kwa macho mengine. Nanunua zaidi mitumba, Darajani, baada ya laasiri nikitoka kazini na mguu umeshavimba. Kabla ya kuvaa nakikagua kwanza mkononi. Nabonyeza kwa kidole gumba ile sehemu ya nyuma inayokumbatia kisigino; ikibonyea yote mpaka ndani, nakirudisha, kwa sababu hapo ndipo mguu unapozuiwa usiyumbe. Halafu nakikunja. Kiatu kizuri hukunjika pale vidole vinapoanzia, mahali ambapo mguu wenyewe hukunjika. Kikikunjika katikati, chini ya tao, hakibebi kitu, hata kiwe kipya na kinang'aa. Mwisho nakisokota, ncha huku na kisigino kule. Kikisokotika chote kirahisi, nacho sikitaki.

Wauzaji wananijua sasa. "Dada, vaa basi ukione," ananiambia kijana mmoja kila mara, na mimi kila mara namjibu, "Ngoja kwanza, kaka yangu."

Ulaini ndio unaowapoteza watu wengi. Unaingiza mguu, unahisi unazama kwenye sponji, unatoa pesa. Lakini sponji laini sana, ukiisimamia kwa saa mbili, inalala yote na kisigino kinafika kwenye zege. Ninachotaka ni soli inayobonyea kidogo chini ya uzito wangu kisha igome. Kwenye mitumba kuna la ziada: kiatu kinaweza kuwa safi juu na sponji yake imekufa. Nakiweka juu ya meza iliyo sawa, nakitazama kwa nyuma. Kama kimeinamia upande mmoja, mwenyewe wa kwanza ameshakimaliza, na kitaupinda mguu wangu ufuate wake. Natazama pia ubavu wa soli. Makunyanzi mengi yaliyolala ni dalili ya sponji iliyochoka. Kwa raba za kukimbilia, umri unaotajwa mara nyingi ni kilomita 500 hadi 800, na raba nyingi za mtumba zimeshakula sehemu ya hizo kabla hazijavuka bahari.

Nikishavaa, nasimama. Kupima kiatu umekaa ni kujipima nusu. Mbele ya kidole kirefu kuliko vyote nataka nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono, na napima miguu yote miwili, kwa sababu watu wengi mguu mmoja umezidi mwingine, unafuatwa uliozidi. Kama soli ya ndani inatoka, naichomoa, naiweka chini na kuikanyaga. Wayo ukimwagika pembeni, kiatu ni chembamba, hata muuzaji aseme kitatanuka. Hapa ndipo nilipopata faida kubwa ya kuangalia upande wa viatu vya wanaume. Vya kike vingi vinabanwa mbele kwa ajili ya urembo. Navaa namba 39, na raba ya kiume ya namba hiyo hiyo kwa kawaida ni pana zaidi, vidole vinapumua. Abaya ikishuka, nani anajua?

Sasa joto. Kiatu cha plastiki au ngozi ya bandia kinafungia jasho ndani. Ukikivua jioni mguu umekunjamana na kuwa mweupe. Ngozi halisi inapumua, lakini ikishalowa jasho haikauki kwa usiku mmoja katika hali ya hewa yetu. Kitambaa cha wavuwavu kinapumua kuliko vyote na kinakauka haraka, ila kinapitisha vumbi na maji. Hakuna kinachoshinda kila kitu, ndiyo maana nina jozi za zamu, na kiatu kilichovaliwa leo kesho kinapumzika. Navianika kivulini penye upepo, soli ya ndani imetolewa. Jua la adhuhuri linakausha ngozi mpaka inapasuka, na gundi inaachia.

Kwa mjini chaguo langu ni sandali, ila si kila sandali. Iwe na mkanda nyuma ya kisigino, mikanda ya mbele inayoweza kulegezwa mguu unapovimba, na soli ya juu, pale wayo unapokanyaga, yenye tao lililoinuka na kikombe cha kisigino. Malapa hayana hata kimoja kati ya hivyo. Vidole vinajikunja kila hatua kuyashika yasitoke, na misuli ya chini ya wayo haipati raha kutwa nzima. Makubazi yetu nayapenda kwa moyo wote, kazi ya mkono, ngozi nzuri, na kanzu bila makubazi kwangu haijakamilika; lakini ni bapa, ni ya kwendea msikitini na harusini. Kuna fundi viatu, mzee wa makamo, niliyemwomba anitengenezee kubazi lenye mkanda wa nyuma. Akapachika kipande cha ngozi ngumu chini ya tao, akaipunguza kwa kisu mara kadhaa huku nikijaribu, na chini akagonga soli ya mpira yenye michirizi. Hayo nayavaa siku za kundi dogo na mwendo mfupi, na wageni huyaulizia.

Mikanda ya kunata ni rahisi kufungua, jambo la maana kwetu tunaovua viatu kila tunapoingia kwenye nyumba za watu, lakini inanasa pindo la abaya na kulitoa nyuzi. Nimekata ncha za mikanda zilizozidi na pindo nimelipandisha kwa inchi moja. Kwenye ngazi za mbao za zile nyumba za zamani, zilizosimama wima na kukwaruzika, pindo refu na kiatu kipana ni hatari.

Jozi ya pili ni raba za wavuwavu zilizofungwa, kwa siku za Jozani na mashamba ya viungo Kizimbani. Msituni kuna mizizi na siafu, shambani kuna matope na visiki vya miti iliyokatwa. Sandali huko sivai hata joto liweje. Soksi navaa za kukimbilia, zile nyembamba zisizo za pamba tupu. Pamba inanywa jasho na kubaki nalo, ngozi inalainika, malengelenge yanaanza. Siku za kwenda kisiwa cha Changuu kuona kobe, ambako unashuka boti majini, nabeba sandali za mpira kwenye mfuko, navaa kupandia na kushukia tu. Maji ya chumvi yakikaukia kwenye sandali nzuri yanakwaruza ngozi na kuharibu mikanda, kwa hiyo zikigusa bahari nazisuuza kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo.

Liko jingine ambalo wauza viatu hawakwambii, nalo linatugusa sisi tunaosali kazini. Tunatia udhu adhuhuri, tunatia tena laasiri, miguu inaoshwa mpaka kwenye vifundo, halafu kwa haraka ya kuwarudia wageni tunaisukuma ndani ya soksi ikiwa imelowa. Katikati ya vidole hapo ndipo fangasi wanapostawi: joto, giza, maji. Mimi natembea na kitaulo kidogo, nafuta kila nafasi ya kidole, kisha navaa soksi nyingine kavu. Tangu nishike utaratibu huo muwasho wa kidole cha mwisho umekwisha. Mwenye kisukari awe mwangalifu zaidi ya hapo. Mama mkubwa wangu anacho, na ganzi ya miguu humfanya asihisi changarawe ndani ya kiatu. Kwake ni kiatu kilichofunika vidole, akikung'ute kabla ya kuvaa, na kila usiku mtu amtazamie nyayo.

Zipo kampuni zinazotaka waongozaji wavae viatu vyeusi vilivyofungwa, na ukiajiriwa huko huna hiari. Hata hapo kuna la kufanya. Chagua cha kufunga kwa gidamu badala ya cha kutumbukiza mguu, uzilegeze za mstari wa chini mguu ukianza kuvimba, na zile za juu zikaze ili kisigino kisicheze. Chukua chenye soli ya ndani inayotoka, uitie nyingine ngumu yenye tao. Zinauzwa peke yake kwenye maduka ya vifaa vya michezo na baadhi ya maduka ya dawa. Vichochoro vikilowa wakati wa masika saruji inateleza, hivyo geuza kiatu utazame chini kabla ya kulipa: soli iliyo laini kama kioo usiikubali. Na tarehe ya kuanza kukivaa iandike kwa kalamu ndani ya ulimi wa kiatu, kwa sababu soli hufa kimyakimya, na maumivu yakirudi hapo ndipo pa kwanza pa kutazama.