Kumbukumbu ya mradi wa saaza: makro zahamia m4, majaribio yapata viendelezi

Kwa ambaye hajaifuata, saaza ni programu ndogo ya C inayopokea 19:30 na kurudisha "saa moja na nusu usiku". Msimbo wenyewe safari hii haujaguswa sana. Kazi yote imekuwa kwenye Autoconf na Automake, zana za kuandaa programu ijengwe na kujaribiwa kwenye mashine mbalimbali, ambazo hakuna anayezikumbuka mpaka zigome.

Nianze na makro, yaani majina mafupi ambayo Autoconf huyafumua kuwa msimbo wa sheli. Faili la configure.ac, lenye maelekezo ya Autoconf, linatumia AX_CHECK_COMPILE_FLAG, makro inayotoka Autoconf Archive, mkusanyiko wa makro za ziada. Kwenye mashine yangu kifurushi hicho kimo, kwa hiyo aclocal, zana inayokusanya makro, huiokota yenyewe kutoka /usr/share/aclocal. Rafiki yangu hana. Kwake autoreconf, amri inayounda skripti ya configure, ilipita kimya, halafu ./configure yenyewe ikafika katikati na kuanguka:

syntax error near unexpected token `-Wextra,'

Ujumbe huo hautaji makro popote, na hapo ndipo mtu anapoteza jioni nzima. Autoconf hulalamika ikiona jina linaloanza na AC_ au AM_ limebaki bila kufumuliwa, lakini AX_ haimo kwenye orodha yake. Jina linaachwa lilivyo ndani ya skripti, na sheli ndiyo inayokuja kulikwaa. Nimeongeza mstari mmoja juu ya configure.ac:

m4_pattern_forbid([^AX_])

Sasa makro ikikosekana, autoreconf inakataa hapo hapo na kuitaja kwa jina. Kisha nimeandika AC_CONFIG_MACRO_DIRS([m4]), inayotaja m4 kuwa folda ya makro za mradi, na kuendesha aclocal -I m4 --install, ambayo hunakili makro za nje hadi kwenye folda ya mradi. Folda hiyo hutafutwa kabla ya zile za mfumo, kwa hiyo nakala yangu ndiyo inayotumika kila mahali. ACLOCAL_AMFLAGS, kigezo cha zamani cha kumwonyesha aclocal folda hiyo, nimeifuta kwenye Makefile.am, faili la maelekezo ya Automake, kwa kuwa tangu Automake 1.13 aclocal husoma folda moja kwa moja kutoka configure.ac.

Majaribio sasa ni ya aina mbili, sheli na Python, na kila aina inatambuliwa kwa kiendelezi cha jina la faili:

TEST_EXTENSIONS = .sh .py
SH_LOG_COMPILER = $(SHELL)
PY_LOG_COMPILER = $(PYTHON)

Usipotaja chochote, Automake inatambua kiendelezi cha .test tu. Ukishakisajili kiendelezi, hukatwa jina la logi linapotungwa, kwa hiyo usiku.sh inatoa usiku.log. Angalia hapo: usiku.py nayo ingetaka usiku.log hiyo hiyo. Ndiyo maana majaribio yote ya Python sasa yanaanza na py-.

Kuna mtego mwingine naona hautajwi vya kutosha. Nimeandika AM_PATH_PYTHON([3.6],,[:]), makro inayotafuta Python, ili asiye na Python bado aweze kujenga. Python ikikosekana, kigezo cha PYTHON kinakuwa nukta pacha (:), na kwenye sheli nukta pacha ni amri isiyofanya lolote na hufaulu daima. Yaani kila jaribio la .py lingeonyesha PASS bila hata kufunguliwa! Dawa ni AM_CONDITIONAL, makro ya kuweka sharti, inayouliza kama PYTHON si nukta pacha, na majaribio hayo kuingizwa kwenye TESTS, orodha ya majaribio, ndani ya sharti hilo tu. Jaribio likikosa kitu kingine linachohitaji, linatoka na msimbo wa kutoka 77, nayo Automake inaandika SKIP, yaani limerukwa.

Kilichobaki ni jaribio la kasorobo.sh. 05:45 inapaswa kutoa "saa kumi na mbili kasorobo alfajiri", lakini saaza bado inasema "saa kumi na moja na dakika arobaini na tano", lugha ya tangazo la redio. Nimeliweka kwenye XFAIL_TESTS, orodha ya majaribio yanayotarajiwa kushindwa, hivyo make check, amri inayoendesha majaribio, inapita. Siku nitakayomaliza kanuni ya kasorobo litageuka XPASS, yaani limefaulu bila kutarajiwa, na make check itagoma mpaka nilitoe humo.