Mkanda wa kuzuia kuanguka upo, ndoano ya kamba yake imefungwa wapi?

Leo saiti moja ya ujenzi Kariakoo: semina ya usalama dakika kumi, saini kwenye daftari, haya pandeni.

Mikanda mipya kabisa, mazuri tuseme. Lakini ndoano imefungwa kwenye bomba la jukwaa, usawa wa nyayo, mita 4 kutoka chini.

Pigeni hesabu.
Kamba mita 2.
Kifyonza mshtuko (kile kifurushi cha kwenye kamba kinachofumuka kupunguza mtikiso) kikifumuka, mpaka mita 1.75 zaidi.
Kutoka pete ya mkanda mgongoni, kamba inapoungwa, hadi nyayo, kama 1.5.
Jumla 5.25. Fundi anafika chini kifyonza hakijamaliza kufumuka!

Ndoano ifungwe juu ya kichwa, kwenye boriti imara.

Halafu mafundi wakilalamika mkanda unawabana bure, wanaitwa wabishi. Nani aliwaonyesha pa kufunga?

Wa saiti, kwenu mnafunga wapi?