Chupa Iliyonipeleka Naivasha

Ilikuwa Jumapili jioni, wageni wameshaondoka, naosha glasi jikoni kwangu Umoja, Nairobi, ndipo nikaisoma ile chupa ya mvinyo kwa mara ya kwanza. Leleshwa. Nimeinunua supamaketi labda mara kumi, na siku zote nilidhani imetoka Afrika Kusini kama jirani zake kwenye rafu. Kumbe ni ya Naivasha, mwendo wa kilomita tisini hivi kutoka hapa.

"Na hilo jina ulidhani ni la Kizulu?" dada yangu akaniuliza. Ana haki ya kunicheka. Leleshwa ni kile kichaka chenye majani ya kijivujivu, ukiyafikicha yananukia kama kafuri. Kimejaa kote huko Bonde la Ufa, na mimi nimekipita tangu utotoni kila tulipokwenda Nakuru kwa nyanya.

Jumamosi iliyofuata tukapanda matatu kwenda kutafuta mizabibu yake. Tulishuka kwa barabara ya chini, ile inayopita kakanisa kadogo kalikojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano mwaka 1942, mlima Longonot ukijitokeza mbele. Sikuwa nimepiga simu popote wala kupanga lolote. Hilo ni kosa langu, na lilinirudia pale pale stendi ya Naivasha.

"Shamba la mizabibu?" kijana wa boda akashangaa. "Madam, si unamaanisha maua?"

Simlaumu. Ukizunguka ziwa, kinachoonekana ni paa za plastiki za mashamba ya waridi, moja baada ya jingine. Akafikiri, akampigia mtu simu, kisha akatupeleka kwa mzee mmoja mwenye mistari minne ya mizabibu nyuma ya nyumba. Hatengenezi mvinyo, zabibu zake ni za kula, huuzwa sokoni. Tukamwamkia, tukaletewa viti, na mimi nikapata nilichokuja kutafuta bila kuonja hata tone.

Alikuwa anakata matawi. Alishika tawi refu lililojaa majani mabichi, akahesabu vifundo kwa kidole gumba, kimoja, viwili, kisha mkasi ukalia *kwacha!* Mita nzima ikaanguka chini. Nikaona huruma. Akacheka. Kwao Wazungu, akasema, baridi ikija mzabibu unapukutika na kulala, ukiamka unajua ni wakati wa kuzaa. Hapa kwetu hakuna baridi ya kuulaza, kwa hiyo ni lazima umlaze wewe kwa mkasi na kwa kupunguza maji. Ukimwachia atastawi tu, majani tele, matunda hakuna. Tangu siku ya kukata hadi kuvuna anahesabu miezi kama minne. (Aliuita mzabibu "yeye" kila wakati, kama mtoto mkaidi wa shule. Nimeambukizwa.) Alitufungia vijiti vitatu kwenye gazeti lililoloweshwa maji.

Mchana tukaenda Hell's Gate, hifadhi ya wanyama iliyo karibu na ziwa. Baiskeli hukodishwa njia panda kabla ya kufika lango la Elsa. Ushauri wangu ni mmoja: jaribu breki kabla ya kulipa. Dada yangu hakujaribu. Ndani unaendesha kati ya pundamilia na ngiri, hakuna kioo wala bati kati yenu, na ukikuta nyati unashuka na kungoja aamue. Pale mnara wa Fischer, nguzo ya mwamba iliyosimama peke yake, tulipumzika, pimbi wakituchungulia kutoka kwenye nyufa. Jina ni la Gustav Fischer, Mjerumani aliyefika hapa 1883, lakini mimi naipenda hadithi ya Wamaasai zaidi: msichana akipelekwa kuolewa aligeuka kutazama kwao mara ya mwisho, akawa jiwe.

Kwenye korongo la hifadhi hiyo hatukuingia. Tulikuwa tumepiga pedali kilomita kama nane kwa ajili yake, na juu yetu jua lilikuwa linawaka, lakini mwongozaji akanyoosha mkono kuelekea mawingu meusi kwa mbali. Mvua ikinyesha kule, maji yanakuja huku bila hodi. Mwaka 2019 yalikuja hivyo hivyo, wakafa watalii na mwongozaji wao. Dada yangu alianza kubishana, mimi nikamgeuzia baiskeli.

Kurudi langoni kulikuwa adhabu. Tuliishia Kamere, kando ya ziwa: samaki wa kukaanga, ugali, na kachumbari yenye pilipili ya kukomoa. Nikauliza kama wana mvinyo wa Leleshwa. Mama akaniletea soda.

Vijiti viko kwenye ndoo ya rangi hapa roshani. Viwili vimekauka. Wa tatu ametoa jicho la kijani, dogo kama punje ya mtama, na dada yangu ameshaanza kutafuta mkasi.