Trauti Aliyenikatalia

Jana tumechinja jogoo. Namnyonyoa, nikafika shingoni, kwenye yale manyoya membamba yanayometameta, mkono ukasita. Dada akauliza kulikoni. Nikamwambia Ulaya kuna watu wananunua ngozi ya shingo ya jogoo na manyoya yake, kwa bei inayozidi jogoo mzima.

"Wanaila?"

"Wanavulia samaki."

Akarudi kwenye sufuria yake.

Aliyenitia kwenye mambo haya ni baba mkwe, ile safari ya Slovenia. Usiku alibana kindoana kwenye jiliwa pale mezani, akakizungushia uzi na unyoya wa jogoo mpaka kikawa mdudu kamili, wa kuelea. Kindoana hakina ule mwiba wa kumzuia samaki asichomoke. Sheria ya mto wao hairuhusu. Asubuhi akanivalisha suruali ya mpira inayofika kifuani, tukaingia mto Soča.

Maji yale yanatoka kwenye milima ya chokaa, kijani kinachoelekea buluu, na hata yakikufika magotini unaziona kokoto za chini moja moja. Baridi yake inapenya mpira.

Nimezaliwa Pangani, mshipi si mgeni kwangu. Ila kwetu unavua kwa kidole: mshipi umelala juu yake, chambo kiko chini gizani, samaki akigusa unajua. Kule unavua kwa macho. Wala hurushi ndoana, maana mdudu wa manyoya hana uzito. Unarusha uzi wenyewe, mnene, unaupeleka nyuma, unangoja unyooke, ndipo unaupeleka mbele. Nilivua mti, kisha nikavua kofia ya mume wangu, Baba Zuhura.

Karibu na adhuhuri, nyuma ya jiwe kubwa, kikainuka kitu nilichodhani ni kivuli. Mdudu wangu alikuwa anateremka na maji taratibu. Alikuwa trauti, samaki wa maji baridi. Akajipanga chini yake, akawa anarudi kinyumenyume kwa mwendo uleule wa mkondo, pua ikikaribia kumgusa. Niliona michoro ya mgongoni, ile ya marumaru iliyompa jina. Niliona mapezi yakitetema. Niliona jicho. Akafungua mdomo kidogo. Nyuma yangu baba mkwe ananong'ona neno moja kwa lugha yake, analirudia, na sikuhitaji mkalimani. Trauti akafunga mdomo, akageuka ubavu, akazama bila haraka yoyote. Mdudu akaendelea na safari yake.

Baba mkwe alisema mkondo ulikuwa umeushika uzi ukamburuta mdudu, na mdudu wa kweli haburutwi. Labda. Macho yangu yalikuwa palepale na sikuona akiburutwa.

Wala hakusikitika. Alinipa mkono kama mtu niliyefaulu mtihani. Njiani, Baba Zuhura akitafsiri, akanieleza kwamba trauti wa marumaru ni wa mito inayomwaga maji Bahari ya Adriatiki. Watu wakaleta trauti wa kahawia, yuleyule ambaye Waingereza walimpeleka mito ya Aberdare, Kenya, mwaka 1905. Wakazaana, damu ikachanganyika, na wale halisi wakabaki vijito vya juu kabisa, juu ya maporomoko ambayo wageni hawakuweza kuyapanda. Huko ndiko walikochukuliwa wa kuzalishwa na kurudishwa mtoni.

"Kwa hiyo angenasa, ningemwachia?"

"Bila shaka!" Hilo alilisema kwa furaha kabisa.

Sijaamua bado kama siku ile nilivua au nilitembea mtoni. Nguvu zote zile, mdudu wa kushonwa usiku kucha, ili umshike, umwangalie, umwachie. Na bado yule samaki namkumbuka kuliko samaki changu wote niliowahi kuwakaanga.

Jioni nikampigia simu baba, Pangani, nikamsimulia mwanzo mpaka mwisho: uzi, manyoya, jicho. Akasikiliza kwa heshima zote.

"Sasa mwanangu," akasema, "mlikula nini?"

Nikamwambia viazi.