Ukubwani ndipo nilipojua baiskeli

Nilihamia Utrecht, Uholanzi, nikiwa na mtoto wa miaka minne, mwingine wa miezi kumi, na siri moja: sikujua kuendesha baiskeli. Utotoni nilipakiwa tu kwenye keria, miguu yote upande mmoja, kaka akiendesha. Miezi ya mwanzo nilijikaza na basi na kigari cha mtoto. Lakini kila asubuhi mkubwa aliwaona wenzake wa shule wakipita, mmoja mbele ya mama, mmoja nyuma, na kila asubuhi aliniuliza baiskeli ya kwetu iko wapi.

Aliyenifundisha ni jirani, mama wa Kimoroko, naye alijifunza ukubwani. Alishusha siti mpaka nyayo zangu zikakaa chini zote, akafungua pedali zote mbili kwa spana, akaniambia nisukume kwa miguu kama mtoto. Jumapili mbili nilizunguka hivyo kwenye uwanja wa maegesho, watoto wa watu wakinitazama. Jumapili ya tatu akarudisha pedali, na nikaenda. Baba watoto alikuwa dirishani akirekodi, video hiyo mpaka leo hataki kuifuta.

Kilichonitesa zaidi ni breki. Baiskeli niliyonunua ya mitumba, kama nyingi za hapa, ilifunga breki kwa kurudisha pedali nyuma. Nikisimama kwenye taa, mguu ulitaka kuizungusha pedali nyuma ili ikae juu tayari kwa kuondoka. Gurudumu linashika, nabaki nimening'inia katikati ya njia na kengele zinanililia nyuma. Ilibidi nijifunze kusimama pedali ikiwa tayari mahali pake.

Watoto niliwapakia baada ya miezi miwili. Mdogo alikaa kiti cha mbele, kati ya mikono yangu, mkubwa cha nyuma. Sheria ya hapa inataka mtoto wa chini ya miaka minane awe kwenye kiti salama chenye kumshika mgongo na miguu. Kofia ngumu hailazimishwi, na Waholanzi wengi hawavai; mimi niliwavalisha wanangu, na kwa kofia hizo tulijulikana kuwa wageni hata kabla sijafungua mdomo. Potelea mbali.

Ukishaondoka, uzito wa watoto wawili hausumbui. Balaa ni kusimama. Siku moja nje ya maktaba niliegesha kwa stendi ya mguu mmoja, mkubwa bado yuko kitini, mdogo nimemshusha. Nikainama kuokota soksi yake. Nilichosikia ni kengele ya usukani ikigonga lami. Baiskeli ilikuwa imelala na mwanangu amefungwa mkanda ndani ya kiti chake, akiangalia mbingu, kimya kwa mshangao. Alichubuka kiwiko tu. Kesho yake nilifungiwa stendi pana ya miguu miwili, na tangu hapo utaratibu ni mmoja: mkubwa anapanda mwisho na kushuka wa kwanza, kwa kuwa yeye anaweza kusubiri chini, na mkono wangu mmoja hauachi usukani mpaka viti vyote viwe vitupu.

Matembezi ya kwanza ya mbali yalikuwa Kasteel de Haar, kasri lililoko magharibi ya mji, kama kilomita kumi na kitu. Ilikuwa Aprili, jua kali, tukaenda kama tunasukumwa na malaika. Nilijisifu moyoni kuwa nimekuwa fundi. Kumbe ulikuwa upepo wa mashariki, na wakati wa kurudi ulitukabili usoni, kwenye mashamba yasiyo na mti wa kuukinga. Wanamaji wanauita upepo wa mbisho. Nchi hii haina milima, wanasema. Mlima wake ndio huo. Mdogo alilia, mkubwa akaimba kumbembeleza, mimi mapaja yakawaka moto, tukachukua karibu saa mbili.

Siku hizi kabla ya kutoka natazama bendera na vilele vya miti. Tunakwenda upepo ukiwa usoni, watoto wangali na nguvu na vitafunwa havijaisha, tunarudi upepo ukiwa mgongoni, hata wakilala. Kama mahali tunapotaka kwenda hapaendani na upepo, tunabadili mahali.

Njia yenyewe haihitaji ramani. Njia za baiskeli za matembezi zimeunganishwa kwa namba: kila njia panda ina kibao cheupe chenye namba ya kijani, na vibao vya njiani vinakuonyesha upande wa namba inayofuata. Mfumo ulianzia mkoa wa Limburg wa Ubelgiji mwaka 1995. Usiku naandika namba zetu kwenye karatasi, asubuhi naibandika kwenye usukani. Mkubwa ndio kwanza alikuwa anajua kusoma namba, nikampa kazi ya kuzitafuta, na malalamiko ya “tutafika lini” yakapungua kuliko nilivyotarajia, maana kila dakika chache kuna kitu cha kupata.

Mbuga ya Hoge Veluwe tunakwenda kwa treni na basi, baiskeli zetu tunaziacha nyumbani. Kupakia baiskeli kwenye treni kuna tiketi yake, na saa za msongamano za siku za kazi kwa kawaida hairuhusiwi. Ukishalipa kiingilio cha mbuga unakuta baiskeli nyeupe za bure malangoni, za watoto zipo, zenye viti vya watoto zipo. Ukizoea kubeba mikoba na watoto siku nzima, kufika mikono mitupu ni raha ya pekee.

Sasa ni mwaka wa nne. Mkubwa ana baiskeli yake. Kwenda sambamba wawili inaruhusiwa, kwa hiyo yeye anakaa kulia, upande wa majani, mimi kushoto kwake, na mbisho ukizidi namwekea kiganja mgongoni nikimsukuma. Mdogo amehamia kiti cha nyuma na amerithi kazi ya namba, ila 6 na 9 bado zinamchanganya. Wiki iliyopita alitupeleka 29 badala ya 26, tukajikuta uso kwa uso na ng'ombe.