Dakika moja ya pua kwangu: daftari la kihelikopta, Juni hadi Agosti

Jumapili, 8 Juni 2025

Lengo nimeliandika kwa kalamu nyekundu kwenye jalada la daftari: kabla ya Nanenane kihelikopta changu cha rimoti kielee dakika nzima pua ikinitazama, ndani ya mraba wa mita moja, bila kugusa kitu. Mkia ukiwa kwangu nakimudu tangu Machi. Ubavu wa kushoto nakimudu, wa kulia kwa taabu. Pua kwangu, rekodi yangu ni sekunde nne.

Nilianza mwaka juzi na kile cha rota mbili zilizopandana. Rota hizo huzunguka kinyume, moja ikifuta nguvu ya nyingine ya kuuzungusha mwili, na ukiachia vijiti vya rimoti kinatulia chenyewe hewani. Kilinifundisha mengi. Ila kilikuwa kinapokea amri kwa mwanga wa infraredi, na kwenye baraza letu hapa Ipagala, Dodoma, saa nne asubuhi jua linaufunika mwanga wa rimoti kabisa. Kilikuwa kinadondoka kama embe.

Cha sasa kina rota kuu moja, mota ndogo mkiani, chaneli nne na redio ya gigahezi 2.4. Kwenye mizani ya jikoni, pamoja na betri, ni gramu 43. Rota kuu ikizunguka huku, mwili unataka kuzunguka kule, na rota ya mkia ndiyo inayouzuia. Jairo, kihisio cha mzunguko, inautuliza mkia. Kwenda mbele, nyuma, kushoto na kulia ni kazi ya vidole vyangu, kila sekunde.

Na hapo ndipo pua kwangu inapokuwa ngumu. Kihelikopta kikinitazama, kulia kwangu ni kushoto kwake. Kikiinama kuelekea dirishani, mkono unakimbilia kukirudisha kama ulivyozoea, na mkono huo huo ndio unaokimalizia dirishani.

Jumamosi, 21 Juni

Anayeijua Dodoma ya miezi hii anaujua upepo wake. Alfajiri kumetulia, lakini ikifika saa tatu au saa nne unaanza kuvuma kutoka mashariki, unabeba vumbi na mifuko hadi jioni. Kitu cha gramu 43 hakishindani nao. Hata ungekuwa umetulia nisingekirusha nje: uwanja wa ndege wetu uko mjini kabisa, na vyombo visivyo na rubani vinasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Kwangu ni chini ya paa tu. Yaani sebuleni watoto wakishalala, na kwenye ukumbi wa sherehe wa mtaani, ambao mlinzi wake hunifungulia Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla wapambaji hawajafika.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na kereng'ende wako?"

Tangu siku hiyo ndilo jina lake.

Leo nimegundua kosa nililokuwa nalifanya kwa woga. Nilikuwa nafanyia mazoezi chini sana, kiganja kimoja au viwili kutoka sakafuni, nikidhani nikianguka nitaanguka kidogo. Kumbe chini ya kimo kinacholingana na upana wa rota, hewa inayosukumwa chini inagonga sakafu na kukibeba, na kihelikopta kinateleza kama sabuni kwenye beseni. Nimekipandisha hadi kifuani. Kimetulia mara moja. Kuanguka kutoka kifuani kunauma zaidi, lakini ninaanguka mara chache.

Jumamosi, 5 Julai

Sekunde 11.

Njia iliyonifikisha ni ya kugeuza kidogo kidogo. Naanza na ubavu wa kushoto ninaoumudu, nageuza pua nyuzi chache kuja kwangu, nakaa hapo mpaka mkono uzoee, ndipo naongeza. Nikichanganyikiwa narudi ubavuni. Na nimeacha kabisa kuwaza "kulia kwake, kushoto kwake". Nawaza kibanda kinachotaka kuanguka: upande kinakoinamia, huko huko ndiko unakopeleka nguzo ya kukiegemeza. Kikiinama kuelekea dirishani, kijiti kinakwenda dirishani. Hesabu ya kushoto na kulia inachukua nusu sekunde, na nusu sekunde ni ndefu kuliko muda ninaopewa. Picha ya nguzo haihitaji hesabu.

Nimevunja panga moja la rota kwenye mguu wa kiti. Nimebadilisha yote mawili, maana panga jipya na la zamani hayalingani uzito na mwili mzima unatetemeka.

Jumamosi, 12 Julai

Wiki mbaya. Betri iliyokuwa inanipa dakika 6 sasa inanipa tatu na nusu, kisha nguvu inakata na kihelikopta kinakaa chini chenyewe. Kwa dakika tatu na nusu hakuna mazoezi: ukitoa dakika moja ya kupasha mkono moto, umebaki na majaribio mawili.

Kwanza nililaumu baridi. Kipupwe cha Julai saa hiyo ya asubuhi ni kikali, na betri za lithiamu huwa dhaifu zikiwa baridi. Nikaanza kuja nayo ukumbini ndani ya mfuko wa shati, chini ya sweta. Ikaongeza sekunde 20 tu.

Rafiki yangu wa Dar es Salaam, naye mrushaji, akaniambia: "Tatizo ni huko kwenu juu, hewa nyepesi." Nikakaa na kalamu. Dodoma tuko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya kwake kwa karibu asilimia 10. Lakini nguvu inayohitajika ili kielee haiongezeki kwa kiwango hicho. Inafuata kipeuo cha pili, yaani kama asilimia 5. Hiyo ingekula sekunde kumi na kitu, isingekula dakika mbili na nusu. Tena mwinuko wa Dodoma ni ule ule wa Machi.

Basi ni betri, nikajisemea. Jirani aliyekuwa Dar amenipitia Kariakoo na kurudi na mpya kwa treni ya SGR. Nimeichaji kwa utaratibu wangu wa siku zote, ndani ya chungu cha udongo kitupu, sakafuni, nikiwa karibu, kwa sababu betri hizi zikiharibika zinaweza kuwaka moto. Volti 4.2, imejaa. Nimerusha.

Dakika 3 na sekunde 40.

Jumatano, 16 Julai

Nimeipata, na nataka kuieleza taratibu kwa ajili ya yeyote anayerushia kwenye nyumba yenye zulia.

Usiku nilikaa na kihelikopta mezani bila betri, nikazungusha gia kuu kwa kidole. Kikiwa kizima, ukiisukuma gia kidogo rota inaendelea robo mzunguko baada ya kidole kuondoka. Safari hii ilisimama pale kidole kilipoiacha. Nikafungua skrubu ya kola, pete inayoshikilia shafti ya rota, nikachomoa shafti kuelekea chini, nikawasha tochi ya simu.

Kati ya gia na beringi ya chini palikuwa na kipete cha rangi ya kahawia. Nilidhani ni sehemu ya kifaa. Nilipokigusa kwa ncha ya sindano kikanyanyua unywele mmoja, mwekundu. Ulikuwa uzi wa zulia letu la sebuleni, umejizungusha mara nyingi sana, umekamata vumbi na mafuta hadi ukawa mgumu kama gundi. Mota ilikuwa inaburuza breki tangu sijui lini, na umeme wa betri unaishia kwenye joto.

Nimeukata kwa wembe, nikautoa vipande vipande kwa kibano cha nyusi cha mke wangu (nilimwomba kwanza). Beringi ni ndogo kuliko punje ya choroko. Nimeifuta kwa pamba na kuitia tone la mafuta ya cherehani, kiasi kinachoning'inia kwenye ncha ya sindano, si zaidi, kwa sababu yakizidi yanakusanya vumbi upya. Nimerudisha shafti, nimesukuma rota. Imekwenda robo, ikaongeza kidogo.

Betri ya zamani, ile niliyokuwa naitukana: dakika 5 na sekunde 50.

Sasa nakagua shafti kila baada ya betri tano, na sebuleni nimeacha kutua kwenye zulia. Natua kwenye kipande cha kadibodi.

Jumamosi, 2 Agosti

Sekunde 38. Na mpwa wangu wa darasa la sita, ambaye ndiye anayeshika saa, ameniambia nabana pumzi nikifika thelathini. Ni kweli. Mabega yanapanda, vidole vinakuwa vizito. Tumekubaliana yeye ahesabu kwa sauti na mimi nihesabu naye. Huwezi kuhesabu kwa sauti ukiwa umebana pumzi.

Ijumaa, 8 Agosti

Nanenane imefika. Wageni wametoka Kondoa kwa ajili ya maonyesho ya Nzuguni, sebule imejaa magodoro. Jana ukumbini nilifika sekunde 52. Siku niliyojiwekea imepita, na nimeandika hivyo kwenye jalada.

Jumamosi, 9 Agosti

Saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi. Milango imefungwa, mzee amekaa kwenye kiti cha plastiki na chai yake, mpwa yuko na saa. Jaribio la kwanza sekunde 19. La pili 44. La tatu nilianzia ubavuni, nikageuza pua, nikaanza kuhesabu na mtoto. Kwenye arobaini kiliinama kuelekea kwa mzee. Kijiti kikaenda kwa mzee, kikanyooka. Kwenye hamsini na tano kilinijia taratibu, nikakisukuma nyuma kwa kuvuta kijiti.

Dakika 1 na sekunde 3. Betri ilitua na volti 3.7, zimebaki za kutosha kwa jaribio jingine, lakini niliichomoa.

Kuanzia Jumamosi ijayo ni ubavu wa kulia, ambao bado unanitetemesha. Mapanga ya akiba yamebaki jozi mbili.