Ilaiyaraaja na ile besi ya 1982

Wiki hii sijasikiliza kingine ila Ilaiyaraaja, mtunzi wa muziki wa filamu za Kitamil, kusini mwa India. Nimempanga kwa miaka, tangu filamu yake ya kwanza, Annakili ya 1976, hadi simfoni aliyoizindua London mwezi Machi 2025 akiwa na miaka 81. Kuna maneno ya mashabiki ambayo sasa yananikera: eti mtunzi kijana A. R. Rahman alipoibuka na muziki wake wa kompyuta katika filamu ya Roja mwaka 1992, mzee alibabaika, akabadilika kwa kulazimika.

Sisi wa pwani tulikulia nyimbo za Bombay, za Kitamil hatukuzijua. Huenda ndiyo maana tunameza hadithi hiyo bila kutafuna.

Nyimbo za Annakili zina harufu ya shamba, na haishangazi. Mzaliwa wa kijiji cha Pannaipuram huyu, ujanani alizunguka na kundi la kaka yake wakiimba kwenye mikutano ya wakomunisti. Madras (Chennai ya leo) alikuja baadaye, akasomeshwa muziki wa Kizungu na Dhanraj Master. Kwa miaka michache ya mwanzo unasikia shamba zaidi kuliko shule.

Mwaka 1982 vimeshaungana. Chukua wimbo "Ilaya Nila". Gitaa linatangulia, nyuzi zinachomolewa moja moja, ndipo mwimbaji S. P. Balasubrahmanyam anaingia taratibu kama mtu asiye na haraka ya kufika. Nimeurudia nikifuata besi tu, ile sauti nzito ya chini. Haimbebi mwimbaji, inatembea njia yake, inampisha, inamkuta mbele. Na yote hayo mzee ameyaandika mwenyewe kwa nota, chombo baada ya chombo, wapigaji wanakuta karatasi tayari. (Watunzi wengi wa filamu humwachia mpangaji kazi hiyo.)

Sasa angalia 1986. Mwaka huohuo anatoa How to Name It?, albamu ya ala tupu aliyowatunukia watunzi wa kale, Tyagaraja wa India kusini na Bach wa Ujerumani, na katika filamu ya Punnagai Mannan anaingiza kompyuta. Miaka sita kabla ya Roja! Na Rahman mwenyewe, akiwa kijana, alikuwa akimpigia mzee kinanda. Kwa hiyo nani alimfuata nani?

Kilele changu ni filamu ya Thalapathi ya 1991. "Sundari Kannal Oru Sethi" ni wimbo wa mapenzi, lakini katikati tarumbeta na ngoma za vita zinaingia, fidla zinapanda, unahisi mpenzi anaitwa aondoke. Nywele zinasimama kila mara.

Miaka ya mwisho ya tisini naipita haraka. Kazi zilikuwa nyingi mno, na nyingine zinafanana. Muziki wa filamu ya Neethaane En Ponvasantham ya 2012, aliourekodi London, ndio ulionisimamisha tena: okestra kubwa, sauti safi, kila fidla inasikika ilipo. Lakini besi imetulia mahali pake, inashika mapigo, basi. Nafasi zimekuwa wazi, mwimbaji anapumua.

Wapo watakaosema ni uzee. Mimi nasikia mtu aliyeanza kupunguza vitu kwa hiari, maana aliyeandika simfoni nzima baada ya hapo hakuwa amechoka. Ila nikiulizwa nichague moja, nitachukua ile besi ya 1982, na sitamwomba mtu radhi.